Luku moja, vyumba sita: tuongee ukweli kuhusu nyumba za kupanga Arusha

Mleta uzi, Sombetini

Wakuu, habari za jioni.

Kero za mitaa yetu hapa Chuga zinajulikana. Vumbi la Kwa Mrombo wakati wa kiangazi, tope masika yakishika, baa inayofungulia spika Ijumaa na kuzizima Jumatatu alfajiri, dalali anayetaka kodi ya mwezi mzima kwa sababu tu alikusindikiza mpaka getini. Kila moja ina uzi wake na watu wake wa kuisemea. Mimi naomba leo tukae kwenye jambo moja ambalo naliona kila wiki na linaniuma: Luku ya kuchangia, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla inayotumiwa na wapangaji wote.

Kazi yangu ni umeme wa majumbani. Naingia Ngarenaro, Kaloleni, Daraja Mbili, Unga Limited, Sombetini, mpaka Muriet kule nyumba mpya zinakoota. Kote hali ni moja. Nyumba kubwa ya mwenye nyumba mbele, vyumba vya kupanga vimepangwa nyuma kwa herufi L, choo na bafu mwisho, koki moja katikati, na mita moja ya Luku ukutani. Pembeni ya mita kuna daftari limefungwa uzi kwenye msumari: nani kanunua, lini, shilingi ngapi. Ukilifungua hilo daftari utajua nani na nani hawasalimiani.

Juzi kati niliitwa Daraja Mbili. Wapangaji walisema mita inaiba. Utaratibu wao ni zamu, kila mtu akifikiwa ananunua wa elfu tano. Binti mmoja, mgeni kwenye ile nyumba, zamu yake iliangukia tarehe 1. Akanunua, akaingiza namba, zikaingia uniti 9.8. Aliyemfuata akanunua elfu tano hiyohiyo akapata 14. Basi, ikawa kesi. Kwamba binti alinunua wa elfu tatu na mia tano, nyingine kaweka mfukoni. Nimefika, dada wa watu amejifungia ndani analia, na mama mmoja bado anaongea kwa sauti pale koki.

Nikaomba simu ya binti nisome meseji. Hela ilikuwa elfu tano kamili. Ila kabla ya uniti kuhesabiwa ilikatwa Sh1,500, kodi ya jengo. Makato haya yalihamia kwenye Luku Agosti 2021, wakati huo yakiwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 yakapanda kuwa 1,500. Mfumo wa Luku unakata mara moja kwa mwezi, kwa yule anayetangulia kununua. Zikabaki 3,500, na kwa bei ya Sh356 na senti kwa uniti, 3,500 ni uniti 9.8. Hakuna mwizi. Lakini yule binti alishaitwa mwizi mbele ya watoto, na sikusikia mtu akimwomba radhi.

Sasa jiulizeni: kodi ya jengo ni ya nani? Kwa sheria ni ya mwenye jengo. Kwenye ile nyumba mwenye jengo anakaa mkoa mwingine, anapokea kodi ya pango ya miezi sita sita kwenye simu, na kodi yake ya jengo inalipwa na binti anayeuza nguo kwenye duka la watu. Ukiigawa kwa vyumba sita ni Sh250 kila mmoja, hela ya maandazi. Hasira yangu haipo kwenye ukubwa wa hiyo hela. Ipo kwenye kumwacha mtu abebe mzigo usio wake halafu atukanwe kwa kuubeba.

Hiyo ni ndogo. Kubwa ni hii, na naomba mnisome polepole.

Bei ya umeme iliyopangwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, mwaka 2016 ina kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, D1. Humo uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni Sh100 moja moja. Ongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA 1, inakuwa Sh122. Uniti 75 zote unazipata kwa Sh9,150. Bei hii iliwekwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini, mwenye taa mbili, redio na chaji ya simu. Ukizidisha 75, ya 76 inaruka mpaka kama Sh427. Na nyumba yenye matumizi makubwa inakuwa kwenye kundi la T1, Sh292 kabla ya makato, yaani 356 na senti.

Chukua sasa vyumba sita, kila kimoja kinatumia uniti 30 kwa mwezi. Hao wote sita ni watumiaji wadogo, hakuna anayefika hata nusu ya 75. Lakini mita ni moja, na yenyewe inaona uniti 180. Kwake ile ni nyumba ya mtu mwenye uwezo, inakula bei ya T1. Wanalipa kama Sh64,000, karibu 10,700 kila chumba. Kama kila chumba kingekuwa na mita yake kwenye D1, kila mmoja angelipa Sh3,660.

Yaani nafuu iliyowekwa kwa ajili ya maskini inaishia kwa mwenye nyumba yake anayekaa na mkewe tu, na anayepanga chumba kimoja Unga Limited anaikosa kwa sababu ya ukuta anaolala nyuma yake. Karibu mara tatu ya bei, kila mwezi, na wengi hawajui kabisa. Wanadhani jirani ndiye anayewamaliza.

Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Meru ikishuka, kila mtu anataka maji ya moto asubuhi. Mmoja anachovya hita kwenye ndoo. Hita ya wati 1,500 ikikaa dakika 20 imekula nusu uniti. Mzee wa chumba cha mwisho ana taa moja ya wati 9, anaiwasha kwa masaa matano akilala anaizima. Ile ndoo moja ya jirani ni sawa na taa yake ya siku kumi na moja. Mwisho wa mwezi wote wawili wanatoa elfu kumi. Mzee akilalamika anaambiwa ana roho mbaya. Hana roho mbaya, hesabu yake ni sahihi.

Nataka wenye nyumba waache kutuweka kwenye mita moja. Wasioweza kuvuta mita kwa kila chumba, angalau waweke sabumita, mita ndogo ya kupima umeme wa kila chumba baada ya ile kubwa. Karibuni mchangie, na wenye nyumba wasijifiche.

Mkazi wa Sakina

Mkuu umegusa penyewe. Kwetu sabumita zipo, kila chumba na yake. Ugomvi wa daftari ulikwisha siku hiyohiyo. Lakini mama mwenye nyumba anatuuzia uniti moja Sh500. Nikimuuliza anasema ndiyo bei ya nyumba yake, asiyetaka ahame. Kwa hesabu zako anapata 144 kwenye kila uniti. Sisi tuko saba. Nimenyamaza kwa sababu kupata chumba chenye choo safi Sakina kwa hela yangu ni kazi.

Mwenye nyumba, Moshono

Kijana wangu, shikamoo nimeipokea hata kama hukuitoa. Nimesoma yote. Mimi ni mstaafu, nina vyumba sita, nilivijenga kwa kiinua mgongo. Naomba na mimi nisikilizwe.

Kuunganishiwa umeme mjini, njia moja, bila nguzo, ndani ya umbali wa mita 30, tangu Januari 2022 ni Sh320,960. Vyumba sita ni zaidi ya 1,900,000, bado fundi na waya. Kabla ya hapo ilipokuwa 27,000 ningeweza, lakini wakati ule mimi nilikuwa bado naezeka. Hiyo hela nitaitoa wapi kama si kwenye kodi ya pango? Nikipandisha kodi mtasema mzee ana tamaa.

Sabumita niliwahi kuweka. Mpangaji mmoja aliruka mita, akachukua umeme kabla haujapita kwenye sabumita yake, wenzake wakawa wanamlipia na hawajui. Aliyegundua ni fundi kama wewe, miezi imeshapita. Mwingine alihama usiku, ameacha sifuri. Kwa hiyo msituone wote tuna roho ya korosho. Kuna wapangaji wanaotuumiza.

Hilo la kodi ya jengo nakubaliana nawe. Ni yangu. Mimi huwa nanunua umeme wa tarehe 1 mwenyewe ili makato yanikute mimi. Kila mwenye nyumba anaweza kufanya hivyo, hata akiwa mbali, siku hizi Luku inanunuliwa kwa simu.

Mama Barafu, Ngarenaro

Hamjambo humu. Mimi ndiye yule mnayemsema kwenye kila ploti, mwenye friji. Nauza barafu za ubuyu na juisi, ndiyo inayosomesha wanangu wawili. Tangu nihamie hapa umeme ukiisha natazamwa mimi. Umeisha usiku, nasikia mlango unagongwa, "mama fulani, friji yako imemaliza." Natoa mara mbili ya wenzangu na bado naambiwa sitoshi. Kuna siku nilikuta waya wa friji umechomolewa, barafu zote zimekuwa maji, mtaji wa siku mbili umekwenda. Sikujua nimlilie nani.

Fundi, mimi hiyo sabumita ndiyo naitaka kuliko mtu yeyote. Nijue nimekula ngapi, nilipe, nikae kwa amani. Swali langu: hivi friji kweli linakula kama wanavyosema?

Mleta uzi, Sombetini

Nianze na mzee wa Moshono. Shikamoo baba, na samahani kwa kuchelewa kuitoa. Hilo la kununua mwenyewe tarehe 1 ni jambo la kiungwana, natamani wenye nyumba wote wa Arusha walisome. Kuhusu kuruka mita, ni kweli kabisa, nimeyakuta. Dawa yake ni sabumita zote kukaa sehemu moja, pale penye swichi kubwa, kwenye kisanduku chenye kufuli na kioo mbele. Waya wa kila chumba unatoka kwenye mita yake ukiwa mzima mpaka chumbani, hakuna kiungo njiani. Wengi wanaweka sabumita mlangoni mwa kila chumba, hapo umemwachia mtu nafasi ya kuchezea ndani ya dari usiku. Na fundi awe na leseni ya EWURA, aandike jina lake kwenye kazi yake.

Gharama ya kuvuta mita sita nakubali ni nzito. Lakini baba, hebu itazame kutoka upande wa pili. Wapangaji wako sita, kama ni wa uniti 30 kila mmoja, wanapoteza pamoja kama Sh42,000 kila mwezi kwa kukaa kwenye mita moja. Kwa mwaka inazidi laki tano. Ndani ya miaka minne hiyo hela imeshavuka gharama ya mita zote sita. Hela ya kazi hii wapangaji wanaitoa tayari, ila inayeyuka. Kaa nao, mkubaliane: kila mpangaji atangulize kidogo, umkate kwenye kodi taratibu. Hata ukianza na mita mbili, tatu kwa tatu, ni hatua, ingawa uniti 90 bado zinazidi 75.

Ndugu wa Sakina, 500 ni nyingi. Kwa haki, mwenye nyumba arudishe alichonunulia, basi. Meseji ya tokeni inaonyesha hela na uniti, mwombeni aionyeshe kila akinunua. Mkienda watu saba kwa pamoja na kwa adabu ni tofauti na wewe kwenda peke yako jioni. Akikataa, mwenyekiti wa mtaa yupo, kesi za Luku anazisikiliza kila siku.

Mama Barafu, pole sana kwa barafu zako. Aliyechomoa ule waya amekukosea na anapaswa kukulipa. Friji dogo la kawaida linakula kama uniti moja hivi kwa siku, kwa sababu mota yake inawaka na kuzima. La kugandisha linapanda zaidi ya hapo, hasa mpira wa mlango ukiwa umelegea. Jaribu hivi: bana noti ya elfu moja mlangoni, funga, uivute. Ikitoka bila kukaza, ubadilishe mpira. Lakini mwenye hita mbili na pasi kila asubuhi anakufikia, na yeye hakuna anayemgongea mlango kwa sababu vifaa vyake havipigi kelele usiku kucha kama friji.

Mwanachuo, Njiro

Huku kwenye hosteli za watu binafsi suluhisho lao ni kupiga marufuku. Karatasi mlangoni: hakuna pasi, hakuna hita, hakuna jiko la umeme, faini elfu ishirini. Kodi tunalipa kama kawaida.

Mpangaji, Pasua, Moshi

Salamu kutoka kwa majirani. Huku Moshi mambo ni hayohayo, ila sisi tuna la ziada, Desemba. Watoto wa mwenye nyumba wanarudi kutoka Dar na familia zao, magari matatu uani, nyumba kubwa iliyokuwa imefungwa mwaka mzima inawaka taa zote, hita za bafuni, televisheni mbili, friji limejaa nyama. Mita ni hiyohiyo yetu. Wiki mbili hizo tunanunua umeme kila siku na hakuna anayethubutu kusema, maana ni sikukuu na tunagaiwa nyama pia. Mwaka jana nilimwambia mzee kwa upole, akanielewa, akanunua wa elfu hamsini. Kwa hiyo wakuu, wengine ni kwamba hawajaambiwa tu.

Mleta uzi, Sombetini

Dada wa Njiro, hilo la marufuku lingehitaji uzi wake. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kwa bei ya D1 hiyo ni chini ya Sh122, na moshi hakuna. Lakini wapangaji wa mjini, ambao ndio wanaopanga foleni kwenye mkaa, wamebandikiwa karatasi mlangoni. Tumejenga bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, na mama wa Levolosi bado anapuliza jiko la mkaa koridoni kwa sababu akichomeka jiko la umeme jirani atamtukana. Anayepanga mipango ya nishati safi na asiyeiona hii mita moja ya uani, mipango yake itaishia kwa wenye nyumba zao.

Wa Pasua, ahsante. Huo ndio mfano ninaoutaka. Mzee aliambiwa, akaelewa.

Wengi mmenifuata pembeni mkiuliza mtaanzaje na mwenye nyumba hana haraka. Nawaandikia namna tulivyofanya kwenye ile nyumba ya Daraja Mbili, baada ya yule binti kutoka ndani na watu kutulia.

Zamu za elfu tano tulizifuta. Mwenye nyumba tulimpigia simu pale pale, akakubali sabumita kwa sharti kwamba kila mpangaji anunue ya chumba chake na akihama aondoke nayo au amuuzie anayeingia. Nimezifunga zote koridoni karibu na swichi kubwa. Kila Jumamosi jioni wapangaji wawili, si wale wale kila wiki, wanasoma namba kwa sauti na wa tatu anaandika. Hela inachangwa kulingana na namba. Bei ya uniti haitungwi na mtu: wanachukua hela iliyonunuliwa wiki hiyo wanagawa kwa uniti zilizoingia. Wakinunua elfu ishirini wanapata uniti 56.1, kwa hiyo ni 356 na senti kila moja. Taa ya uani na ya choo imepewa sabumita yake, inagawanywa sawasawa kwa wote.

Bado wako kwenye bei ya T1, hilo sabumita haiwezi kulitibu. Ila yule mzee mwenye taa moja, wiki ya kwanza alidaiwa Sh410 pamoja na mgao wake wa taa ya uani na ya choo, akasoma namba mara mbili kuhakikisha.

Na ile 1,500 ya tarehe 1 haiingii kwenye hesabu ya uniti. Ina ukurasa wake mwisho wa daftari, umeandikwa "mwenye nyumba". Anayekutwa na makato anaandika hapo, anarudishiwa na wenzake siku hiyohiyo, na wakifika kulipa kodi ya miezi sita wanakata Sh9,000 kabla ya kutuma. Mwenye nyumba ameshakubali kwa meseji, na meseji hiyo wameichapisha stationari wakaigundisha juu ya mita.

Mama Barafu, ukitaka nije nipime friji lako pamoja na wapangaji wenzako wakiwa wamesimama hapo wanaona, niandikie. Ngarenaro nipo Jumatano.